Kabla ya kununua boliti za titani, pima gurudumu

Mtu akiniambia amepunguza kilo tatu kwenye pikipiki yake ya mashindano, humuuliza amezitoa wapi. Wengi hushangaa, kwa sababu wanaamini kilo ni kilo. Mizani inaweza kuamini hivyo, lakini barabara, matuta na kona haviamini. Kilo tatu zilizotoka kwenye magurudumu hubadilisha pikipiki nzima. Kilo tatu zilizotoka kwenye betri na ekzosi husaidia, ila kwa namna nyingine. Kilo tatu zilizochongwa kwenye ekseli na usukani zinaweza kumlaza mtu hospitali.

Naandika haya kwa sababu naona vijana wanamaliza akiba yao kwa vitu vinavyong'aa. Boliti za titani za rangi ya bluu na zambarau, vifuniko vya alumini vilivyochongwa kwa mashine, vipande vya nyuzi za kaboni vya kufunikia vipande vingine. Kisha wanaingia kwenye mbio na tairi nzito kuliko zote sokoni, tyubu nene kama soli ya kiatu, na springi zisizolingana na uzito wao.

Tupige hesabu kidogo. Pikipiki ya motokrosi, yaani ya mbio za uwanja wa udongo, ya 450cc iliyojazwa mafuta ina takriban kilo 110. Mwendeshaji aliyevaa helmeti, buti na kinga zake zote, tuseme ana kilo 85. Jumla ni kilo 195. Sasa chukua boliti za chuma zenye uzito wa kilo moja, ambazo ni nyingi sana, uzibadilishe zote kwa boliti za titani za umbo lilelile. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina takriban gramu 7.85, na ya titani ina gramu 4.5. Kilo yako moja itakuwa takriban gramu 570. Umeokoa gramu 430 katika kilo 195, yaani hata robo ya asilimia moja hujafika. Injini haitaisikia tofauti hiyo, na wewe pia hutaisikia. Lita moja tu ya petroli uliyoiacha tangini bila sababu ina takriban gramu 740, na kuitoa ni bure.

Sisemi titani haina maana. Timu za kiwanda huitumia kwa sababu zimeshamaliza mambo mengine yote, zimebaki na gramu za kuokota moja moja. Wewe bado una kilo zilizolala wazi.

Zilizo nyingi zimelala kwenye magurudumu. Shika ekseli ya gurudumu la mbele kwa mikono yote miwili, mwenzako alizungushe kwa nguvu, kisha jaribu kulilaza upande mmoja. Utahisi linakugomea, linataka kubaki lilivyo. Ukinzani huohuo ndio unaopambana nao kila unapoilaza pikipiki kwenye kona, na hasa pale kona mbili zinapofuatana na unatakiwa kuigeuza kutoka kushoto kwenda kulia kwa muda mfupi. Punguza uzito wa rimu na tairi, na ukinzani huo unapungua.

Kuna jambo la pili. Kitu kilicho kwenye ukingo wa gurudumu kinafanya safari mbili kwa wakati mmoja: kinasonga mbele pamoja na pikipiki, na kinazunguka. Injini inalipia zote mbili. Kwa uzito ulioko pale kwenye tairi na rimu, nishati ya kuzunguka ni sawasawa na nishati ya kwenda mbele, kwa hiyo wakati wa kuongeza kasi, gramu 500 za tairi zina gharama ya kilo nzima iliyofungwa kwenye fremu. Wakati wa kufunga breki ni vilevile. Hii ni fizikia ya shule ya sekondari, na bado ndiyo inayosahaulika kuliko yote.

La tatu ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu ndilo linaloamua mbio za vumbi. Shokapu ina kazi ya kulibakiza tairi ardhini. Gurudumu linapogonga tuta hurushwa juu, na springi lazima ilirudishe chini haraka. Gurudumu zito likisharuka huchelewa kurudi, na muda wote ambao tairi iko hewani hakuna mshiko, hakuna breki, hakuna kona. Uzito ulioko chini ya springi, yaani rimu, tairi, habu, diski ya breki, kalipa na sehemu ya mkono wa nyuma unaolishika gurudumu la nyuma, ndio unaopaswa kupunguzwa kwanza. Uzito ulioko juu ya springi, kwa kiasi fulani, hata unasaidia kuituliza pikipiki.

Hapo ndipo ATV, mashine ya porini ya magurudumu manne, inapokuwa na kesi yake ya kipekee, na nashangaa kwamba watu wa magurudumu manne hawaizungumzi zaidi. ATV ya mashindano ya 450cc ina karibu kilo 180 ikiwa tayari kuendeshwa, kilo sabini hivi zaidi ya pikipiki yenye injini ya ukubwa uleule. Lakini tazama nyuma yake. Aina hii haina difu nyuma. Ina ekseli moja imara inayounganisha magurudumu mawili, inayozungushwa kwa mnyororo. Ekseli hiyo, beringi zake, habu mbili, sproketi, diski ya breki, rimu mbili, tairi mbili pana na mkono mzima wa nyuma vyote viko chini ya springi, na vyote vinategemea shokapu moja. Mashine inapopita kwenye matuta mafupi yaliyofuatana, nyuma huruka na kuyumba kama mkia wa samaki nchi kavu. Waendeshaji wengi hukimbilia kulaumu shokapu na kununua nyingine ya bei kali. Ningewashauri waanze kwa kuvua magurudumu mawili ya nyuma na kuyaweka kwenye mizani.

Tairi za ATV hutofautiana sana kwa uzito hata zikiwa na saizi moja, kwa sababu ya idadi ya tabaka za kitambaa ndani yake. Tairi ya tabaka sita hustahimili mawe na miiba. Ya tabaka mbili au nne ni nyepesi na laini zaidi. Kwa uwanja wa udongo uliolimwa na kumwagiliwa maji, kubeba tairi ya tabaka sita ni kujitwisha mzigo bila sababu. Kwa mbio ndefu za porini zenye mawe, tairi nyepesi itakuacha njiani, na aliyekwama njiani hakuna uzito aliookoa. Rimu zenye pete ya kubana tairi nazo huongeza uzito, lakini ATV hukimbia na upepo mdogo sana, mara nyingi psi 5 hadi 7, na bila pete hizo tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu katikati ya kona. Huo ni uzito ninaoukubali bila ubishi.

Kwenye pikipiki za enduro, yaani za mbio ndefu za porini, kuna mfano mzuri zaidi wa uzito unaokubaliwa kwa hiari. Waendeshaji wengi wa kiwango cha juu hawatumii tyubu. Hujaza tairi pete ya sponji nzito iitwayo mousse. Inazidi tyubu ya kawaida kwa uzito, na iko palepale kwenye ukingo wa gurudumu ambapo kila gramu inauma. Wanaijua fizikia yote niliyoieleza hapo juu, na bado wanaichagua, kwa sababu haipati pancha. Mtu anayepunguza uzito kwa akili lazima ajue pia pa kuuongeza.

Flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka ndani ya injini, ni hivyohivyo. Ukiweka nyepesi, injini inapanda mizunguko kwa kasi, sauti inavutia, na kwenye uwanja mkavu wenye mshiko mzuri utafurahi. Ipeleke injini hiyohiyo kwenye tope, kwenye mizizi iliyolowa au kwenye mlima wa mawe unaopandwa polepole: inazimika kirahisi, na tairi ya nyuma inateleza kila unapogusa akselereta. Ndiyo maana wapo wanaonunua vyuma vya kuongeza uzito wa flaiwili. Kila ninapoona flaiwili nyepesi imefungwa kwenye mashine ya porini, najua mwenye nayo alifuata picha ya mashine ya uwanjani.

Haya yote yana historia, na historia hiyo ingewapa watu subira. Jeff Smith alikuwa bingwa wa dunia wa motokrosi ya 500cc mwaka 1964 na 1965 akiwa na BSA ya Uingereza. Kwa mwaka 1966 kiwanda kikamtengenezea fremu ya titani. Ilikuwa nyepesi ajabu. Lakini titani ina ukakamavu wa takriban nusu ya ule wa chuma, hivyo fremu ilikuwa ikijipinda, na kuichomelea kunahitaji kuikinga isiguswe na hewa wakati ina moto, la sivyo kiungo kinakuwa dhaifu na kukatika. Fundi hawezi kufanya kazi hiyo pembeni ya uwanja kati ya raundi mbili. Taji la mwaka huo lilikwenda kwa Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki, aliyekuwa juu ya pikipiki ya CZ yenye fremu ya chuma.

Miaka michache baadaye Suzuki ilileta pikipiki nyepesi kiasi kwamba Joel Robert alichukua ubingwa wa 250cc mwaka 1970, 1971 na 1972. Mwaka 1973 shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, FIM, likaweka kiwango cha chini cha uzito, na Suzuki za kiwanda zikalazimika kuongezewa uzito. Mwaka huohuo Roger De Coster, akiwa na Suzuki, akatwaa tena ubingwa wa 500cc. Mimi huutaja mwaka ule kila mtu anaponiambia ameshindwa kwa sababu mashine yake ni nzito.

Leo kanuni za FIM zinakataza titani kwenye fremu, shokapu za mbele, usukani, mkono wa nyuma, na ekseli za magurudumu na za mkono huo. Boliti na nati za titani zinaruhusiwa. Ekseli za magurudumu haziruhusiwi kuwa za alumini au aloi nyingine nyepesi. Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona ni orodha ya vitu ambavyo vikikatika huna nafasi ya pili. Hata kama mbio zako ni za mtaani na hakuna mkaguzi atakayekuja na sumaku, ningekuomba uifuate.

Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wa vipuri vyepesi hawaelezwi dukani. Alumini huchoka. Chuma kikipigwa mara nyingi kwa nguvu ndogo iliyo chini ya kiwango fulani kinaweza kuvumilia karibu milele. Alumini haina kiwango cha namna hiyo: kila pigo, hata dogo, linahesabiwa, na siku moja ufa unaanza. Kwa hiyo kipande cha alumini cha mashindano kina umri wake, na usukani wa alumini ulioanguka nao mara kadhaa haupaswi kunyooshwa na kurudishwa. Ukinunua kipande kilichotumika, hujui kimeshahesabu mapigo mangapi.

Sproketi ya nyuma ya alumini inaonyesha jambo hili kwa macho. Mpya ina meno yaliyosimama sawa pande zote. Baada ya mbio za matope na mchanga, upande mmoja wa kila jino unaanza kulika, ncha inalala, na mwishowe meno yote yanakuwa kama ndoano zinazoelekea upande mmoja. Ya chuma ingedumu mara kadhaa zaidi. Kwa mtu anayeshindana uwanjani na kubadilisha vipuri mara kwa mara, alumini ni sahihi, kwa sababu sproketi iko chini ya springi na inazunguka. Kwa mtu anayefanya mazoezi kila wiki na kushindana mara chache, ningempa ya chuma, au ile yenye meno ya chuma na kiini cha alumini, bila kusita.

Boliti za titani nazo zina tabia zao. Hesi za titani hupenda kung'ang'aniana, na ukikaza bila kupaka grisi maalumu unaweza kuikata boliti siku ya kuifungua. Huvutika zaidi ya chuma kwa mkazo uleule, kwa hiyo usizikaze kwa kukisia. Tumia spana ya kupimia mkazo na namba za aliyezitengeneza. Boliti za alumini zifungwe kwenye vifuniko, plastiki na madigadi tu. Kwenye kalipa ya breki, kwenye shokapu au popote panapobeba uhai wako, hapana.

Sasa, kilo za bure ziko wapi? Ziko kwenye vitu visivyohitajika. Pikipiki iliyotengenezwa kwa barabara ina taa, honi, indiketa, vioo, stendi, vikanyagio vya abiria na mabano ya chuma yanayoshikilia vyote hivyo. Kwenye uwanja wa mashindano hakuna kimoja kinachofanya kazi. Betri ya asidi ya pikipiki kubwa ina kilo tatu au zaidi. Ya lithiamu yenye uwezo wa kuwasha injini ileile hukaribia kilo moja tu. Angalia kwanza kama mfumo wako wa kuchaji hauzidishi volti, maana lithiamu haivumilii kuchajiwa kupita kiasi, na kwenye baridi kali huwa nzito kuamka. Ekzosi ya kiwandani yenye kichujio cha moshi ni nzito, na kwa pikipiki nyingi za barabarani mfumo mzima wa titani huokoa kilo kadhaa, nyingi zikiwa juu na nyuma, mbali na katikati ya uzito wa mashine. Huo ndio ununuzi wa titani ninaouunga mkono.

John Britten wa Nyuzilandi aliipeleka fikra hii mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua. Pikipiki yake ya V1000 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 haikuwa na fremu ya kawaida. Injini yenyewe ilibeba kazi ya fremu, na magurudumu yalikuwa ya nyuzi za kaboni. Ilikuwa na kilo 138, ikiwa na injini ya 1000cc. Nampenda Britten kwa sababu hakubadilisha tu kipande kizito kwa chepesi. Alikaa akauliza kama kipande chenyewe kinahitajika.

Lakini kaboni haitoi zawadi kwa kila aliyeitumia. Ducati ilikimbia MotoGP, daraja la juu la mbio za dunia za pikipiki za lami, na fremu ya nyuzi za kaboni kuanzia 2009. Casey Stoner alishinda nayo mbio kadhaa, ila waendeshaji walilalamika kwamba hawapati hisia ya tairi ya mbele, na kufikia 2012 kiwanda kilikuwa kimehamia fremu ya alumini. Fremu haipimwi kwa mizani peke yake. Pikipiki ikiwa imelala kwenye kona, shokapu haifanyi kazi vizuri, na ni kujipinda kidogo kwa fremu ndiko kunakosaidia tairi kufuata lami.

Kwenye madaraja yenye kiwango cha chini cha uzito, vipuri vyepesi vina kazi nyingine kabisa. MotoGP ya sasa haitakiwi kushuka chini ya kilo 157. Timu ikiokoa kilo mbili juu ya tangi haiwi na pikipiki nyepesi. Inapata kilo mbili za kuweka chini, au mbele, au popote mwendeshaji anapotaka. Kwenye Moto3, daraja la pikipiki ndogo za mbio hizo, unapimwa uzito wa pikipiki na mwendeshaji kwa pamoja, kilo 152, ili mtu mwenye mwili mdogo asipewe ushindi na mizani. Naiona kuwa kanuni ya haki. Kijana wa miaka 17 hapaswi kujinyima chakula ili ashindane, na ninapingana kabisa na wale wanaowaambia waendeshaji wadogo kwamba kilo rahisi kuliko zote ni za mwili. Mikono iliyochoka hupoteza muda mwingi kuliko kilo mbili za chuma.

Kwa ATV, kuna vitu viwili vinavyong'olewa kwa kisingizio cha uzito na vinaniudhi sana. Cha kwanza ni vyuma vya ubavuni vyenye wavu, vilivyo kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Vipo ili gurudumu la mwenzako lisiingie kati ya magurudumu yako na kuzirusha mashine zote mbili, na ili mguu wako ukiteleza usivutwe chini ya tairi ya nyuma. Cha pili ni swichi ya kuzima injini inayofungwa mkononi kwa kamba. Ina gramu chache. Anayeitoa hakuwa akitafuta wepesi.

Tope nalo ni uzito, na kwenye siku ya mvua linaweza kurudisha kilo zote ulizolipia. Linajaa chini ya madigadi, juu ya bamba la kukinga injini, ndani ya vikanyagio. Sponji iliyojazwa kwenye nafasi iliyo kati ya injini na bamba lake, pamoja na mafuta ya silikoni yaliyopuliziwa chini ya plastiki, hufanya kazi ambayo seti nzima ya boliti za titani haiwezi kuifanya siku hiyo.

Ukishatoa kilo zako, rudi kwenye shokapu. Springi zilipangwa kwa uzito wa zamani. Kaa juu ya mashine na mavazi yako yote na upime inavyodidimia nyuma. Kwa pikipiki nyingi za motokrosi kubwa hutakiwa kuwa karibu milimita 100 hadi 105. Nimeona watu wakilaumu tairi mpya nyepesi kwamba zinaruka, kumbe springi imebaki ngumu kwa mashine ambayo sasa ni nyepesi.

Na baada ya kila mbio, osha mashine, ikaushe, chukua tochi. Inama chini. Fuata kila kiungo kilichochomelewa kwenye mikono ya mbele, kwenye mkono wa nyuma, kwenye mabano ya shokapu. Ufa hauji na kelele. Kwenye chuma kilichopakwa rangi huja kama mstari mwembamba wa kutu unaofuata ukingo wa kiungo. Kwenye alumini huja kama unywele mweusi usiofutika kwa kitambaa. Ukiuona, kipande hicho kimemaliza kazi, hata kama ulikifunga mwezi uliopita. Rudisha kile kizito cha kiwandani, pima upya springi, na uingie kwenye mbio zinazofuata.